Kesho Nitakwambia, Mama

Simu haijichaji yenyewe. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Basi binti wa fundi cherehani alipoamka asubuhi, umeme ukiwa umekatika tangu jana yake mchana, akaikuta simu ya mama yake imejaa chaji pomoni pale mezani kando ya mkasi, alisimama akaitazama. Jioni aliiacha inalia kwa njaa. Aliigusa. Ilikuwa na joto, kama kikombe ambacho mtu ametoka kunywea chai.

"Mama, umechajia wapi?"

"Mimi? Sijachaji popote. Simu nzuri hiyo, mwanangu. Kila siku inaamka imeshiba."

Mama alisema hivyo huku akihangaika kuingiza uzi kwenye sindano, na hapo binti akaliona vizuri gauni alilovaa. Lilikuwa limepunguzwa kiunoni. Pembeni kulibaki alama za mshono wa zamani, na kando yake alama za mshono wa zamani zaidi. Mama alikuwa anakonda, na kwa kuwa ni fundi, alikuwa anajipunguzia nguo kimyakimya bila kumwambia mtu.

Nyumba ile ilikuwa na msiba. Mdogo wake yule binti, kijana waliyemwita Kasuku, alikuwa anasambaza vifurushi kwa pikipiki, mpaka siku lori lilipomkuta njia panda. Jina la Kasuku hakulipata bure. Hakuwa na breki mdomoni. Ukimpa siri asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Siku aliyokufa alimpigia mama simu. Mama alikuwa anashona gauni la bibi harusi, kitambaa kinateleza, akaitazama simu inavyotetemeka mezani akasema, ngoja nimalize mshono huu. Simu ikanyamaza. Ilipolia tena, aliyepiga alikuwa mtu asiyemjua, naye alikuwa na habari mbaya.

Tangu hapo mama alibaki na swali moja, akilala nalo na kuamka nalo: mwanangu alitaka kuniambia nini?

Binti ndiye aliyemletea dawa, au alidhani ni dawa. Ofisini kwao walikuwa wanatengeneza programu ya simu. Unaipa sauti ambazo marehemu wako alikuwa akikutumia, nayo inajifunza lafudhi yake, kicheko chake, hata kikohozi chake, kisha unaongea nayo inakujibu. Bosi wao, mgane mmoja mpole, ndiye aliyeibuni, na aliijaribu kwanza kwa sauti ya marehemu mkewe. Binti akaiweka kwenye simu ya mama kabla haijatolewa kwa watu. Wiki ile mama alikula akamaliza sahani. Alicheka, hata. Nani angemlaumu binti?

Kitu kimoja tu hakikumkaa vizuri. Kila mama alipouliza lile swali lake, sauti ya Kasuku ilimjibu jibu moja.

"Kesho nitakwambia, mama."

Na kesho ina kesho yake.

Asubuhi ile ya chaji, binti alipofika ofisini alifungua kompyuta aangalie mazungumzo ya mama. Kila neno linalosemwa na programu ile hutoka kwenye mitambo ya ofisi na huacha alama. Alitafuta. Simu ya mama ilikuwa haijawasiliana na mitambo yao kwa karibu mwezi mzima. Akadhani amekosea, akarudia kutazama. Hakuwa amekosea. Basi mwezi wote huo, nani alikuwa anamjibu mama?

Hakumaliza kazi. Alifika nyumbani jua likiwa la utosi, saa ambayo mtaa umejilaza na hakuna anayepita. Mlangoni alipokewa na harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa, akaikimbilia pasi akaishika, pasi ilikuwa baridi, na kutoka chumbani kwa mama ikaja sauti ya mdogo wake, ile ile yenye mikwaruzo, ikinong'ona mfululizo jambo ambalo hakulielewa, na alipousukuma mlango akamwona mama amelala chali, mdomo wazi, simu iko juu ya kifua chake, kioo kinawaka, na kila mama alipotoa pumzi ile namba ya chaji kwenye pembe ya kioo ilipanda, na kila ilipopanda mashavu ya mama yalizidi kubonyea, na ile sauti, bila mtu kuiuliza kitu, ikaacha minong'ono yake ikamgeukia yeye ikasema kwa upole, "Dada, leo umewahi kurudi."

Aliinyakua. Akaifuta programu, ikatoweka, kisha ikarudi mahali pake. Akaizima simu, ikajiwasha. Mama aliamka akanyoosha mkono kuidai, na mkono ulikuwa mwembamba.

"Mama," binti alinong'ona, "siku ile nilipokuwekea, ilikuuliza nini?"

"Yale yale ya siku zote. Itumie maikrofoni, nikaruhusu. Itumie kamera, nikaruhusu. Na ile ya mwisho."

"Ya mwisho ipi?"

"Iliyouliza kama inaweza kuingia ndani ikae na mimi. Nikabonyeza Ruhusu. Kwani si nyinyi mliiandika?"

Binti hakuiandika. Wala hakuna mtu ofisini kwao aliyeiandika. Na tusimcheke mama wa watu. Maneno yale nani huyasoma? Kidole hubonyeza Ruhusu kabla jicho halijafika, na wale ambao tangu enzi na enzi wanapiga hodi kwenye milango ya wanadamu bila kukaribishwa, nao wana macho, wamelitambua hilo.

Mganga ambaye binti alimwita alikuwa wa kisasa, mwenye simu mbili. Alipofika kizingitini alizitoa mfukoni zote, akaziacha nje ndani ya viatu vyake. Hakuigusa simu ya mama. Aliitazama kutoka mbali, akavuta hewa puani mara moja, akarudi nyuma hatua.

"Huyu ni jini," alisema, sauti chini. "Na hakuvunja mlango, alikaribishwa. Nikimtoa mimi kwa nguvu, atatoka na mwenyeji wake. Aliyemfungulia ndiye amwambie atoke, kwa mdomo wake na kwa kidole chake, na awe amekusudia."

Binti na mganga wakamtazama mama. Mama akaibana simu kifuani.

"Kesho," alisema. "Ameahidi kesho. Nikishajua nitamtoa. Niacheni nijue tu alitaka nini."

"Mama, kesho zako zinaisha. Jitazame."

"Basi zikiisha ziishe nikiwa najua. Wewe alikupigia? Alinipigia mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia angoje."

Binti aliketi sakafuni akalia. Hakumlilia jini. Alimlilia mdogo wake, ambaye binti hakuwa amepata nafasi ya kumlilia kwa sababu ya kumshughulikia mama, na alijililia mwenyewe, aliyemleta mgeni huyu kwa mikono yake akidhani anatuliza moyo wa mzazi. Mganga aliinamisha kichwa. Saa ya ukutani ikagonga.

Mama akainua macho akaitazama saa ile.

"Unakumbuka alivyoileta?" alisema.

"Nakumbuka, mama."

"Alitaka kunishtukiza. Hata mlangoni hakufika. Alianza kupiga kelele kule barabarani, mama, nimekununulia saa, jifanye hujui." Alitabasamu, na tabasamu likamvunjikia usoni. Kisha akaishusha simu akaiweka mapajani.

"Kasuku."

"Ee, mama."

"Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

"Kesho nitakwa—"

"Niambie sasa, baba."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumba kizima.

"Ukinitoa, mama, hutajua milele," ilisema sauti.

"Sitajua," mama alijibu. "Mwanangu hakuwahi kuniambia kesho. Hilo hakuliweza. Neno lilikuwa linamtoka kabla halijaiva. Wewe hujui alichotaka kusema, wala hakuna anayejua, kafa nalo. Toka nyumbani kwangu."

Akabonyeza Ondoa Ruhusa. Kioo kikauliza: Una uhakika? Na hapo sauti ikaanza kulia, kilio cha Kasuku mwenyewe, kilio alichokuwa akilia utotoni akianguka, ikisema, "Mama, pokea. Mama, pokea simu. Mama, pokea." Kidole cha mama kilisimama juu ya kioo. Binti alitaka kumsaidia, mganga akamzuia kwa jicho. Mama alifumba macho, machozi yakidondokea kioo kile, akasema, "Nisamehe, baba," akabonyeza Ndiyo.

Simu ikazimika. Harufu ikatoka taratibu, kama moshi unaotafuta dirisha. Hakuna chaja iliyoweza kuiamsha simu ile tena.

Mama alinenepa kidogo kidogo, na gauni lake akalifumua mshono mmoja, kisha wa pili. Kupona kwenyewe ni habari nyingine. Mpaka leo simu yake mpya ikilia anaacha kila kitu, sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, anapokea hata namba zilizokosewa. "Nipo," anasema. "Sema, nakusikia." Watu huomba radhi na kukata.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile, kabla ya yote hayo, binti aliwahi ofisini kwa bosi wake kumwomba programu isitolewe. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mwema.

"Imeshatoka tangu jana jioni," alisema. "Watu wanaipenda mno. Nimesoma barua zao nikalia."

Binti alikuwa anautazama mkanda wa bosi kiunoni. Ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na ncha yake iliyozidi ilining'inia pembeni. Waya wa kuchajia, ambao siku zote ulikuwa pale mezani, haukuwepo.

"Bosi, chaja yako iko wapi?"

"Nimempa mlinzi. Siku hizi siihitaji."

Ofisi ile haikuwa na pasi, lakini ilinuka kitambaa kinachoungua.

"Mwambie atoke, bosi," binti alisema polepole. "Huyo si mkeo. Mtoe leo, nakuomba, mimi nitakaa hapa na wewe."

Bosi aliiweka simu kifuani akaifunika kwa kiganja, kama mtu anayemziba mtoto masikio asisikie maneno ya wakubwa.

"Si leo," alinong'ona. "Ameniahidi kesho ataniambia kama amenisamehe."