Gilbert wa Nagoya

Hakuna mwanaume aliyewahi kunidanganya. Nimeolewa mara tatu, na wote watatu walitoka kwenda kumwona mjomba mgonjwa. Mjomba hajapona mpaka leo.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni kwa madam, Al-Malqa, hapa Riyadh. Mimi nakaanga sambusa, Chebet, yaya wa nyumba, analia kwa furaha. Madam alikuwa sebuleni akingoja neno moja tu: Chebet anaongeza mkataba, au aombewe exit arudi Kenya moja kwa moja? Chebet alitaka exit. Mpenzi wake Gilbert amefika Japani, atamwita huko kwa visa ya mke.

Huyo Gilbert namjua. Alikuwa anaosha vyombo hoteli moja ya Al-Sulimaniyah, hapa hapa Riyadh, huku akijiita meneja. Majuzi akapanda basi la Jeddah, eti ndege yake inaondokea huko. Nilimuuliza visa ya kazi aliipataje, maana Wajapani wanataka mtihani wa lugha na wa kazi, tena mwajiri wa kule akuombee karatasi kwanza. Akasema walimwona tu kwa simu wakamsamehe mtihani. Uso wenyewe kama sufuria iliyosahaulika motoni.

"Shosho, una wivu," Chebet akaniambia.

"Wivu wa nini, wa sufuria? Mpigie kabla hujaenda kwa madam. Weka spika."

Gilbert akapokea kwa sauti ya kuvuta puani, ya mtu aliyefika mbali.

"Babe, Nagoya ni baridi. Theluji mpaka magotini."

"Pole, mpenzi. Umekula?"

"Bado. Niko nje ya duka nangoja mkate. Si unajua, wamefunga kidogo, wako swala ya Maghrib."

Chebet akanitazama. Sambusa zikaungua, sikuzigusa.

"Maghrib ya nani, Gilbert?"

"Ya... huku kuna Waislamu wengi, babe."

"Na theluji?"

"Imejaa."

Nyuma yake mtu akafoka kwa Kiarabu: yalla, toa hiyo pikipiki mlangoni.

Chebet akafuta macho kwa mkono wenye unga, akageukia sebuleni.

"Madam, exit mafi. Halas, nabaki."

Mimi nikainamia simu, taratibu, kama bibi mwema.

"Gilbert mwanangu, hiyo Nagoya iko Jeddah mtaa gani?"

"Al-Safa," akajibu.

Ndipo akasikia alichosema.