Kinara cha Chumbani

Asubuhi hiyo nyumba ya marehemu Mbwana, pale Ngamiani, iliamka sambamba na mjane wake. Kinara cha chumbani kilihisi miguu ya Mwanakombo ikigusa sakafu, cha jikoni kikainjika maji ya chai, cha ukumbini kikafungua madirisha. Huo ndio uliokuwa utando, fahari mpya ya mji wa Tanga: vinara vidogo, kila kimoja kiasi cha kikombe cha kahawa, vikirushiana mawimbi chumba kwa chumba hadi nyumba nzima ikawa kitu kimoja. Mawimbi yale hayakubeba mazungumzo na picha tu. Yaligonga kifua cha mtu yakarudi na habari za pumzi zake na mapigo ya moyo, ndiyo maana siku hizo wagonjwa wengi waliuguzwa majumbani.

Lakini kuta nene za nyumba za zamani huyachosha mawimbi. Kwa hiyo kila kinara kilifungwa kwa nyuma uzi wa kioo ulioitwa waya wa mgongo, na waya huo ndio uliobeba mzigo wote hadi kwenye ubongo wa utando, mashine iliyokusanya habari zote.

Utando ulikuwa zawadi ya Shekue, mdogo wa marehemu, aliyekaa nyumba ya pili.

"Shemeji, uko kwenye eda, hutoki, na uko peke yako," alimwambia siku alipouleta. "Vinara vitakuangalia."

Mwanakombo alimshukuru. Fundi aliunganisha nyumba yote, ila alipofika mlango wa chumba cha kulala akasimama, maana mwanamume asiye maharimu haingii kwa mjane aliye kwenye eda. Akausukuma waya chini ya mlango, na Mwanakombo, ambaye kabla ya msiba alikuwa mhandisi wa nyaya za baharini, akakichomeka kinara cha mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Hakuuliza ncha ya pili ya waya imekwenda wapi. Mhandisi mzima, na hakuuliza. Lakini nani humpekua ndugu wa mumewe katikati ya msiba?

Baada ya Adhuhuri, Shekue alikuja na shangazi yake, Bi Mwantumu. Shangazi akaingia chumbani kwa Mwanakombo. Shekue akabaki ukumbini, nyuma ya pazia, kama ada inavyotaka. Ada aliishika barabara, huyo bwana.

"Shemeji," alisema, "sitaki kukuvunjia heshima. Ila tangu juzi chumbani kwako mna mioyo miwili."

"Umejuaje yaliyomo chumbani kwangu?"

"Kibao changu, skrini ya utando, kinaonyesha. Ubongo wa utando niliuweka kwangu. Ukuta wetu ni mmoja, waya haukuwa na safari ndefu."

Damu ilimchemka Mwanakombo. Pazia lile lilimzuia Shekue asimwone hata ukucha, na huku kibao chake kilikuwa kinamhesabia pumzi kitandani na bafuni, kila alipolia na kila aliponyamaza.

"Na kulia kwangu nako kumo kibaoni?"

"Wiki hii umelia kidogo," Shekue alijibu bila haya. "Watu wameliona hilo."

"Watu gani?"

"Ukoo. Jambo kama hili si langu peke yangu. Nimewafungulia wote kibao, wajionee."

Bi Mwantumu alimsogelea. "Sema kweli, mwanangu. Nani anakuja humu?"

"Shangazi, eda iliwekwa kwa nini?"

"Kumheshimu marehemu. Na ijulikane kama mjane ana..." Bi Mwantumu akakwama. Macho yake yakashuka tumboni kwa Mwanakombo.

"Moyo wa pili ni wa mtoto wa Mbwana," Mwanakombo alisema, akilielekea pazia. "Mashine yako haijui kumtofautisha mtu wa kitandani na mtu wa tumboni. Wewe ulipaswa kujua, au japo kuuliza. Badala yake umenitangaza mzinzi kwa ukoo mzima."

Bi Mwantumu alipeleka mkono mdomoni apige kigelegele, Mwanakombo akaudaka.

"Usipige, shangazi. Habari hii ilikuwa yangu. Nilimwekea mama, anakuja kesho kutoka Korogwe. Nilitaka yeye aisikie kwanza, kutoka kinywani mwangu."

Akaenda ukutani, akauchomoa waya wa mgongo.

"Niwie radhi, shemeji," Shekue alisema kwa sauti iliyonywea. "Nakwenda kufuta kila kitu sasa hivi."

"Kibao utakifuta. Vichwa vya watu utavifutaje?"

Simu ya Mwanakombo ikaita, na ilikuwa Korogwe. Mama yake, mtu wa kuuliza hali hadi za majirani kabla hajasema lake, leo hakutoa hata salamu.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "huyo mwanamume ni nani?"