Hewa ya Mama Ngalula

Kiti alichochora Syntiche kilikuwa na mtu, naye hakuchora mtu.

Mwalimu wake wa kuchora alikuwa amewaambia kiti chenyewe wasikiguse. Wachukue makala, wapake nyeusi penye hewa tu, katikati ya miguu, chini ya mikono, nyuma ya mgongo. Kiti kitajitokeza chenyewe, cheupe. Basi mtoto wa watu akakaa sebuleni kwao, mtaa wa Makomeno, adhuhuri, mvua imekatika, akakikodolea kiti cha marehemu Dominique, kaka mkubwa wa baba yake. Akapaka hewa mpaka vidole vikawa vya muuza makala. Lakini juu ya kiti mkono ulikataa. Ulizunguka, ukaacha weupe, na ule weupe ukaota mabega, na kichwa kilichonyolewa, na kitambaa cha ujane kiunoni.

Nyumba ikanuka moshi.

"Mama, uko nachoma kintu?"

"Nachoma nini? Hata moto siyawasha!" Mama Christiane akaja, akaona mchoro, akaziba kinywa. "Yesu wangu. Ni Ngalula, muke ya marehemu Dominique."

Matanga ya Dominique watu hawajayasahau. Mjane alikalishwa chumbani, kama mila ilivyo: hatoki mpaka ndugu za mume wamtoe. Lakini Faustin, baba yake Syntiche, alikuwa ameitamani nyumba ya kaka yake, hii wanayokaa sasa. Alimfungia Ngalula na mbabula, jiko la makala, inawaka ndani, dirisha limezibwa, ufunguo akautia mfukoni, akamwambia kupitia tundu la kufuli avumilie, asubuhi watamfungulia. Walipofungua, mjane alikuwa amekufa mlangoni, kucha zimevunjika. Faustin akasema ni huzuni.

Sasa huyo Faustin akaingia, anacheka. "Munafanana bantu ba kilio! Syntiche, nakulipia masomo, njo unanichorea bantu benye kufa?"

"Papa, muombe pardon, akusamehe," Syntiche akanong'ona. "Sasa hivi. Njo anangojea ile."

"Mimi? Nimuombe pardon ndani ya nyumba yangu? Leta iyo makala!"

"Apana, Papa! Nyeusi njo hewa! Ukimupaka, utamupatia pumuzi!"

Hakusikia. Alimpaka kichwa, alimpaka mabega, alimpaka kifua, na alipofika kifuani wote watatu wakasikia mtu akivuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyenyimwa hewa miaka, ikavuta na kuvuta, mapazia yakainama kuelekea kile kiti, na Faustin akashika koo lake, macho yamemtoka, na mke na binti wakamburuta mpaka uani, chini ya mbingu wazi, penye upepo unaorusha nguo kwenye kamba, majirani wakampepea kwa masinia, wakamwagia maji, na yeye katikati ya hewa yote hiyo akawa anazama kama mtu aliyefungiwa, anakwaruza mbele yake pasipo na kitu, anakwaruza, mpaka kucha zikakatika moja moja na damu ikachirizika juu ya mlango ambao hakuna aliyeuona.

"Ngalula," akakoroma, "pardon... fungua..."

Karibu naye, sauti ya mwanamke ikajibu, ya upole, kama mtu anayesema kupitia tundu la kufuli:

"Vumilia, shemeki. Asubuhi batakufungulia."

Na jua lilikuwa bado utosini.