Tarakimu Nne Ubavuni mwa Tairi

Mama Cherehani, jirani wa mlango wa pili, alidai kwamba Fundi Pole alikaa na pikipiki ya mdogo wake siku tatu nzima kwa ajili ya tairi moja.

"Siku tatu, jamani. Kuku angekwisha kutaga na kuanza kuatamia," alisema, pini zimebanwa midomoni na mguu ukikanyaga cherehani. "Ukimuuliza, anakwambia pole, subiri. Nendeni duka jipya la njia panda. Dakika kumi tu, mmeondoka."

Binti wa miaka kumi na miwili, ambaye kwa wingi wa maneno yake watu walimwita Chiriku, aliyasikiliza hayo huku akikunja nguo zilizokauka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila Jumamosi: kufagia, kupanga vyombo, kukunja nguo. Zamani aliifanya pamoja na mama. Sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu mama aende ng'ambo ya milima kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga. Sweta la mama lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila asubuhi Chiriku alitia pua ndani ya mkono wa sweta hilo, na kila asubuhi harufu ya mama ilipungua kidogo.

Kesho yake baba, aliyesambaza mikate kwa pikipiki, alikuwa na mapumziko, na walipanga kwenda kumwona mama. Kilichowazuia ni tairi la nyuma. Lilikuwa kipara, laini kama sahani.

Asubuhi hiyo walikuwa wamepita kwa Fundi Pole, nyuma ya soko. Alishusha tairi, akaligeuza, akalitundika tena.

"Hili sikuuzii, ndugu yangu. Ukiliona utasema jipya, lakini limekaa mno. Mpira ukizeeka hupasuka kama kandambili iliyosahauliwa juani. Mzigo mpya unaingia Jumanne."

Kisha akamwonyesha Chiriku tarakimu nne zilizochapwa ubavuni. "Mbili za mwanzo ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Macho ya baba yako yamechoka. Popote mtakapokwenda, wewe umsomee."

Jumanne! Mapumziko mengine ya baba yalikuwa baada ya wiki mbili. Kwa hiyo maneno ya Mama Cherehani yalimwingia Chiriku kama maji mchangani, na hakutulia mpaka baba akakubali kwenda njia panda.

Pale matairi yaling'aa kama viatu vya bwana harusi. "Karibu mzee, karibu mdogo wangu," alisema mwenye duka. "Hili bado linanukia kiwanda."

"Chiriku, hebu nisomee," baba alisema.

Alichuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi. Kidole kikatoka cheusi tii, kikinuka dawa ya viatu. Chini ya weusi ule tarakimu zikajitokeza. Mbili za mwisho zilikuwa mwaka aliozaliwa yeye. Tairi lilikuwa rika lake.

Aliinua macho. Nyuma ya baba barabara ilipanda kuelekea milimani.

"La mwaka huu, baba," alisema. Kidole alikificha mfukoni.

Mwenye duka akaanza kufungua nati za gurudumu. Baba alikuwa na furaha. "Kesho tukifika ule mteremko wa mawe, unishike kiuno sawasawa," alisema. "Mama yako hatanielewa nikikufikisha na mchubuko."

Chiriku, ambaye darasani mwalimu alishindwa kumnyamazisha, alikaa kimya mpaka nati ya pili. Kisha akatoa kidole mfukoni.

"Baba, nimekudanganya. Tairi hili lina umri kama wangu. Limepakwa dawa ya viatu."

Mwenye duka alicheka. "Mtoto wa shule anajua nini kuhusu matairi?"

"Anajua kusoma," baba alijibu. "Rudisha nati zangu."

Walirudi wakiikokota pikipiki.

"Nilitaka kumwona mama," Chiriku alisema hatimaye.

"Kwani mimi sitaki?"

Sauti ya baba ilikuwa ndogo kuliko alivyozoea kuisikia.

Siku zilizofuata baba alisambaza mikate kwa baiskeli ya kuazima. Jumanne tairi likafika. Fundi Pole alimwita Chiriku asome kwanza: mwaka huu, bila wasiwasi. Akalifunga, mshale uliochapwa ubavuni ukitazama mbele, kisha akachukua msumeno akalikata lile la zamani mbele ya macho yao, ili mtu asije akalichonga meno mapya na kumuuzia mwingine.

"Na pikipiki ya mdogo wake Mama Cherehani?" Chiriku aliuliza.

"Nilimngojesha kama nilivyowangojesha ninyi. Tairi lake linakwenda mwaka wa pili sasa."

Baba aliweka mkono begani kwa binti yake. "Hamu si kosa, mwanangu. Hata mimi ninayo. Ila hamu ikishika usukani, ukweli huachwa njiani. Anayekuharakisha si lazima awe rafiki, na anayekwambia subiri huenda ndiye anayekutakia ufike. Vizuri uliusema ukweli kabla hatujaondoka."

Jumapili ya mapumziko ya baba ilipofika, waliteremka mteremko wa mawe polepole, wakafika salama. Mama aliwapokea mlangoni na mikono yenye povu la sabuni. Chiriku alimsimulia yote, kuanzia kuku wa Mama Cherehani hadi msumeno, na mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kutoka chumba cha ndani bibi aliita kwa sauti nyembamba, mara maji, mara mto.

Saa ya kuondoka ilipofika, Chiriku alimshika mama mkono.

"Twende wote leo, mama. Tairi ni jipya. Mimi nitakaa katikati, sina uzito."

Mama alitazama mlango wa bibi. Akamvalisha Chiriku kofia ngumu, akaufunga mkanda chini ya kidevu chake. Kisha akaufungua, akaanza kuufunga upya, taratibu.