Kamba Chini ya Godoro la Rémi

Karata zilikuwa zinachanganywa jikoni. Frrr, kimya, halafu frrr tena, na kengele ya kanisa kule juu kilimani Montmartre, Paris, ndiyo kwanza imegonga saa tisa za usiku. Huguette alipapasa gizani akamgusa mumewe. Firmin yupo, anakoroma. Baba mkwe wake, mzee Baptistin, hajarudi kutoka kwenye kamari zake. Basi nani?

Alimbeba Rémi, mwanawe mchanga, akaenda. Jikoni hapakuwa na mtu. Mezani karata zimegawiwa za watu wawili, na hewa inanuka katani iliyolowa.

Alfajiri mzee akaingia, koti begani, mvi zimechanwa vizuri.

"Baba, nani anacheza humu usiku?"

"Panya, binti."

"Panya wa mtaa huu wa Pigalle siku hizi wanagawa karata?"

Mzee hakucheka. Wala meza hakuitazama. Alikitazama kitanda cha mtoto, kupitia mlango wa chumbani, mara moja tu, haraka, na Huguette akaliona jicho lile.

Alingoja mzee alale. Akalipapasa godoro la Rémi, akakuta mshono mpya wa uzi mweusi, wa mkono usiojua kushona, akaupasua kwa kisu cha mkate, na ndani mkawa na kipande cha kamba, urefu wa kiganja, kimelowa chapachapa ilhali godoro ni kavu, na mwanawe alikuwa akilala juu yake siku ngapi, Mungu wangu, siku ngapi!

"Irudishe!" Mzee alikuwa mlangoni, miguuni soksi tu. "Na usimwamshe Firmin. Hiyo ni kamba ya mtu aliyejinyonga. Kila mcheza kamari anaitafuta, ina bahati. Ikilaliwa na asiye na dhambi, bahati haiishi."

"Aliyejinyonga ni nani?"

"Casimir. Alikuwa mgawa karata, kasino ya kule pwani. Alitufungulia chumba cha sefu, mimi na wenzangu, tukaiba. Sisi tukakimbia, yeye akabaki."

Firmin naye ni mgawa karata, kasino ileile, huenda kwa treni kila Jumamosi. Huguette akakumbuka minong'ono iliyokuwa inakatika kila akiingia, na ule mchoro wa milango na ngazi aliouona kwenye mfuko wa koti la mumewe.

"Safari hii nani atawafungulia?"

Mzee akainama, akavuta soksi iliyoteremka.

"Baba, nakuuliza! Ni mume wangu?"

"Jumamosi tu, binti. Ya mwisho. Nimezeeka, sina kitu."

"Na Casimir ulimwambia hivyohivyo?"

Akaenda jikoni, mzee nyuma yake, akaitupa kamba ndani ya jiko la makaa. Ililia kama nyama mbichi kwenye kikaango. Mzee akakaa chini palepale sakafuni.

"Umeniua. Bila hiyo siendi, hakuna mcheza kamari atakayekwenda."

"Ndivyo ninavyotaka."

Jumapili Firmin alirudi kutoka zamu, mzima, amenuna, akanywa supu yake akalala. Huguette akalala pia, mara ya kwanza wiki nzima.

Frrr.

Si jikoni. Hapa, karibu na sikio lake. Akawasha mshumaa. Rémi, mtoto wa miezi saba, amelala chali, macho wazi, na vidole vyake vinakwenda juu ya blanketi kama vya mgawa karata, moja kwake, moja upande usio na mtu, moja kwake, moja upande ule, mikono mitupu kabisa, na sauti ya karata inatoka humohumo mikononi.

Mlango ukafunguka kidogo, mzee akachungulia; Firmin bado anakoroma.

"Umesikia, binti?"

"Nimesikia."

"Firmin asijue. Akijua mwanawe ana mkono huo wa Casimir, atampeleka meza ya kamari kabla hajaota meno."

Huguette akaifumbata mikono ile midogo. Ilikuwa baridi, inanuka katani, na ndani ya viganja vyake ilikuwa bado inagawa.

"Hatajua," akanong'ona. "Tumejua sisi wawili, baba. Sitamwambia mtu mwingine."