Kiti cha Mkunga

Nawategea kimoja kabla sijaanza, na jibu mtalikuta njiani: nampa mgongo kila siku, naye ananijua kuliko wanaonitazama usoni.

Basi alikuwepo mkunga mmoja, mwanamke wa miaka sitini na miwili, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuwaamuru wenye uchungu wasukume. Miaka thelathini aliwafuata wajawazito majumbani kwa pikipiki ya kazi, ile iliyonyanyuka kama ngamia, kiti chake kigumu kama ubao wa kufulia. Alipostaafu, wenzake walinunua cherehani na kuku. Yeye alisema magoti yamechoka lakini barabara haijamchosha, akaenda kutafuta pikipiki ya uzeeni.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, uwanja wa kuuzia pikipiki umefurika. Honi zinajaribiwa, injini zinanguruma, harufu ya mipira mipya imetanda. Mkunga alivaa suruali ya kitambaa kizito, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na kilemba cha buluu. Nyuma yake binti yake, mwalimu wa hesabu, alikumbatia mkoba akirudia kwamba bibi wa watu hanunui pikipiki, ananunua kitanda cha hospitali. Muuzaji mwenye tai naye alimvutia kwenye pikipiki moja kubwa nyeusi, tangi linang'aa hata unajiona meno. Mkunga akapanda. Vidole tu ndivyo vilivyogusa chini.

"Usiangalie tangi, bibie," sauti ilitoka chini. "Hakuna anayekalia tangi."

Mkunga akainama. Kando ya pikipiki ya pili alichuchumaa mwanamume wa makamo yake, ndevu zimeingia mvi, futi ya kamba shingoni, sindano imechomekwa kwenye kofia.

"Na wewe uliye huko chini unajuaje ninachoangalia?"

"Naona vidole vyako vinaitafuta ardhi kama vya mtoto aliyepandishwa juu ya kabati."

Mkunga alicheka kabla hajaamua kukasirika. Yule mtu aliinuka kwa awamu, goti moja kisha la pili, akajitambulisha kuwa fundi wa viti vya pikipiki, na kwamba mji mzima unamwita Kochi. Akamwambia vitu ambavyo muuzaji hakuvisema. Kiti kiwe chini, visigino vyote vikae ardhini. Mikono ya usukani ikufuate wewe, si wewe uiinamie. Pa kukanyagia pawe mbele kidogo, magoti yasikunjike kama panzi. Na uzito, hapo asidanganyike. Pikipiki usiyoweza kuiinua ikilala si yako, ni mgeni wako tu. Akamlazia moja chini, akamwonyesha namna ya kuigeuzia mgongo na kuisimamisha kwa nguvu za miguu.

Waliipata mwisho wa uwanja, nyekundu iliyoiva, kimo chake cha chini, sauti yake nzito na ya taratibu kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Mkunga akapanda. Visigino vikatua. Akaushika usukani kwa mikono yote miwili, na binti yake akajua mambo yameshaharibika.

"Kiti chake ndicho kibaya," Kochi alisema. "Kiwandani wamemshonea mtu asiyekuwepo. Njoo kwangu nikupime."

Karakana yake ilibanwa kati ya mkata vioo na kinyozi. Hakupima kwa futi. Alichukua sinia la bati lililojaa udongo wa mfinyanzi, akalifunika nailoni, akaliweka mahali pa kiti, akamwambia Mkunga akae muda wa kikombe cha chai, ashike usukani, asiseme neno. Mkunga alisema maneno mengi. Alipoinuka, Kochi aliutazama udongo kama anayesoma barua. Mabakuli mawili ya duara, sawa kwa sawa. Kwa alama zile ndipo angeichonga sponji. Akachora tarehe ukingoni kwa msumari, na Mkunga, aliyeuona nusu ya mji ukiingia duniani bila nguo, akaona haya.

Kiti kilipokamilika, simu zilianza.

"Kitendawili," Kochi angesema, asubuhi na mapema.

"Tega."

"Nampa mgongo kila siku, naye ananijua kuliko wanaonitazama usoni."

"Kiti. Umekosa kazi leo, mzee wangu?"

"Nimekosa sauti yako tangu jana. Kazi ipo tele."

Kochi alifiwa na mke zamani. Mkunga aliachwa na mume aliyechoka kuwa wa pili baada ya matumbo ya watu. Kila Jumapili walitoka, pikipiki mbili sambamba, hadi bwawani nje ya mji, chupa ya chai katikati yao. Kochi alinunua shati jipya la mistari, akalivaa Jumapili tano mfululizo mpaka Mkunga akamuuliza kama limeshonwa juu ya ngozi.

Mwezi wa nne Mkunga alilalamika. Anaelemea kushoto, mgongo unauma, labda sponji imelala. Kochi akamkalisha tena kwenye udongo. Alipofunua nailoni hakutania. Alifungua kiti, akasema pikipiki ibaki hapo, atakitazama.

Ikapita wiki. Simu haipokewi, au inapokewa na neno moja, kwamba sponji hazijaja. Ikapita ya pili. Mkunga alivaa shati jeupe, akavua, akavaa jingine, akajiambia yeye si msichana wa kungojea dirishani. Wiki ya tatu akaenda bila taarifa.

Aliikuta pikipiki yake imebaki mifupa. Kiti kilikuwa juu ya meza, kimepasuliwa tumbo. Na kando ya meza aliketi binti yake mwenyewe, leso machoni, mbele ya masinia mawili ya udongo.

Mkunga alielewa upesi kuliko walivyotaka.

"Umenisoma makalio," alimwambia Kochi polepole, "halafu ukaenda kumsomea mwanangu."

"Mwandani wangu, nisikilize kwanza."

"Nimeshika matumbo ya wanawake elfu. Hakuna hata mmoja niliyemwambia mama mkwe wake habari kabla ya mwenyewe."

Binti alijaribu kusema kwamba wanamwomba aende hospitali tu, achunguzwe mguu. Mkunga hakumgeukia. Aliuliza kiti chake kitakuwa tayari lini. Kochi alitazama mikono yake, akasema hatakitengeneza. Hakueleza sababu, akainamia masinia, na Mkunga akahesabu hilo kuwa dharau.

Fundi wa mtaa wa pili, alikoipeleka pikipiki na kiti chake, hakuwa na masharti. Alimjazia sponji laini upande wa kushoto mpaka mgongo ukanyooka. Siku tisa Mkunga aliendesha bila maumivu, kichwa juu, akijisemea kumbe dawa ilikuwa ndogo hivi. Siku ya kumi alisimama kwenye taa za barabarani, pana mwinuko. Akateremsha mguu wa kushoto. Mguu ulishuka, nguvu hazikushuka nao. Pikipiki ikamlalia.

Watu baki ndio waliomwinulia.

Hospitali walimfunga plasta, kisha daktari akagonga goti, akachoma nyayo kwa pini, akampeleka kwenye mashine hii na ile. Jibu likaja mchana mweupe, wenzake wodini wakila. Mishipa ya fahamu inayoendesha misuli ilikuwa inakufa, imeanzia mguu wa kushoto, na haina dawa. Mkunga aliuliza muda kama alivyozoea kuulizwa yeye. Mguu, miezi, daktari akasema. Mengine, mwaka, miwili, labda mitatu.

Kochi alikuja saa ya kutazama wagonjwa, gunia begani. Mkunga akageukia ukuta. Akasikia bati likigusa kitanda, mara tatu, akageuka kwa sababu hesabu haikumwingia. Masinia yake yalikuwa mawili.

La kwanza, mabakuli mawili sawa. La pili, bakuli la kulia liko vilevile, la kushoto limesinyaa, katikati pana shimo la mfupa uliokosa nyama. La tatu udongo wake ulikuwa umekauka na kupasuka, tarehe ya miaka ishirini nyuma. Shimo lilikuwa lilelile.

"La nani hili?"

"Mdogo wangu. Alikuwa tarishi wa pikipiki." Kochi aliketi ukingoni mwa kiti cha wageni. "Alilalamika kama wewe. Nikamjazia kushoto, akaniambia, kaka, sasa nimekaa kama mfalme. Maumivu yakaisha, hakwenda kwa daktari. Akasimama mteremkoni nyuma ya lori, mguu ukamkana, lori likamrudia. Raha iliyomwua niliishona mimi."

Mkunga aliupitisha mkono kwenye udongo mkavu, taratibu, kama alivyokuwa akipapasa tumbo lililokaa vibaya.

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Niliogopa kuuona uso wako ukisikia."

"Ulikosea."

"Nilikosea."

Mkunga hakumsaidia zaidi ya hapo. Lakini Kochi alipoondoka siku ile, Mkunga hakugeukia ukuta, na kesho yake ndiye aliyepiga simu. Aliuliza pikipiki inaendeleaje. Kochi akasema tangi limekwaruzika, mengine mazima, bado ni yake.

"Si yangu. Siwezi kuiinua. Wewe ndiye uliyesema ni mgeni."

"Nilisema."

"Basi safari hii mgeni ni mimi. Nishonee kiti cha nyuma, chenye mgongo."

Kwenye simu ulisikika mkasi ukiwekwa mezani.

"Mimi sipakii mtu baki," Kochi alisema. "Napakia mke."

"Unachumbia mgonjwa, mzee wangu."

"Nimeshaona udongo wako. Sijui mchumba mwingine aliyemsoma mtu hivyo."

Mkunga akacheka mpaka plasta ikamuuma, kisha akalia, kisha akatoa sharti moja. Upande wa kushoto asijaze kitu. Kinachoondoka, Mkunga mwenyewe ajue kimeondoka.

Walioana mbele ya karani, binti akiwa shahidi, amevaa kilemba cha buluu cha mama yake. Na kila mwisho wa mwezi Kochi alilowesha udongo. Masinia yalipangwa rafuni kwa tarehe, bakuli la kushoto likitoweka, la kulia likianza kulifuata. Sinia la sita alimshikilia kwa mikono yote miwili ili akae wima. La saba lilikuwa la kiti cha magurudumu.

Jumapili iliyofuata alimfunga kwenye kiti cha nyuma kwa mkanda aliomshonea, mikono ya Mkunga akaipitisha kiunoni mwake na kuibana kwa kishikizo, maana vidole havikushika tena. Wakaenda mwendo wa mtembea kwa miguu. Waliporudi kutoka bwawani, karibu na kona ya nyumbani, Mkunga alisema neno sikioni mwake. Siku hizo maneno yake yalikuwa yakiteleza, lakini hili lilifika.

"Kitendawili."

"Tega."

"Ananipa mgongo, nami namjua kuliko wanaomtazama usoni."

Kochi alilijua jibu. Lilikuwa limemlalia begani, linapumua kwa shida.

"Nimeshindwa," akasema, akaipita kona ya nyumbani. "Twende mbele kidogo, huenda nikalipata."