Majina ya Watu wa Zondiwe

Zondiwe Jere alishika upindo mmoja wa kitenge, mwanamume asiyemjua akashika wa pili, na mwenye duka pale Kamwala akawa anawasihi wasimchanie mali. Kilikuwa kitenge cha rangi ya machungwa, cha mwisho dukani, na Lusaka nzima Jumamosi ile ilikuwa imejazana humo kutafuta nguo za harusi. Zondiwe alivaa sketi ndefu ya buluu na hereni za shaba; mwanamume alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka likakakamaa.

Mwenye duka akamwita Zondiwe kwa jina la ukoo, na yule mwanamume akatabasamu.

"Jere? Kumbe nagombana na Mngoni. Mla panya, kitenge kizuri namna hii utakipeleka wapi?"

"Na wewe Mbemba, si ndiyo? Bora panya. Nyani mnayemla ana mikono kama ya mjomba wako."

Duka zima likacheka. Wangoni na Wabemba ni watani, na mtani atakuvua kofia kichwani aende nayo, atakutukana hata msibani kwako, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Mwanamume akaachia kitenge, akasema anaitwa Kasonde, na akaondoka na namba ya simu ya Zondiwe.

Zikafuata simu asubuhi, mchana na jioni. "Umekula, panya wangu?" Kasonde alikuwa akiuliza. "Nimekula, nyani wangu, nimekubakizia maganda." Zondiwe alikuwa na miaka thelathini na moja na hakuwahi kuchekeshwa hivyo. Alimpenda, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Kazi yake ilikuwa kuandaa kicheni pati na harusi. Wanawake walimpa majina, namba, nani asiketi karibu na nani, nani alikuja akiwa amemwambia mumewe yuko kanisani. Kwenye kicheni pati kungwi husema mambo yasiyotoka nje ya mlango ule, na Zondiwe alijulikana mji mzima kwa kuwa hayatoki. Jina hilo ndilo lililomlisha.

Kasonde naye alikuwa akitengeneza mtandao wa kijamii wa kwenye simu aliouita Tukumane, yaani tukutane. Ukifika kwenye sherehe unaufungua, unaona nani yupo, unamsalimu, na mkiachana hampotezani. Shida yake, alimwambia Zondiwe mara nyingi, ni kwamba watu wakiingia wakakuta hamna mtu wanayemjua, watatoka. Zondiwe akamtia moyo. Siku moja alimwachia kompyuta yake ya kazi amtengenezee kadi za mwaliko, wala hakuwaza lolote.

Siku ya uzinduzi, mwezi wa Agosti, aliwaalika wateja wake mwenyewe. Alivaa gauni lililoshonwa kwa kitenge kile cha machungwa, akaketi mbele, akijivunia mtu wake. Kasonde akapanda jukwaani na suti ya kijivu, akawaambia watu wafungue simu zao. Ukutani, kwenye skrini kubwa, zikaanza kutokea picha na majina, na chini yake mahali ambapo watu hao walikutana zamani.

Mama Nakamba, mteja wa siku nyingi, alikuwa ameketi na wifi yake. Skrini ikaandika kwamba mwezi wa Machi, tarehe tisa, Mama Nakamba alikuwa kwenye kicheni pati ya Kabulonga. Tarehe tisa ndiyo siku wifi alipomwoza binti yake, na Mama Nakamba alikuwa ametuma salamu kwamba yuko kitandani hajiwezi. Wifi akasoma. Akasoma tena, kisha akahamisha kiti. Majina mengine yalizidi kutokea, na wanawake mmoja mmoja wakageuka kumtazama Zondiwe, kwa sababu tarehe zile hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Alimkamata Kasonde kwenye ukumbi mdogo wa nje.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwenye kompyuta yako. Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Baada ya leo. Zondi, mimi si mtani wako? Tangu lini mtani anaomba ruhusa?"

"Changu ungechukua. Ungeiba hata kompyuta yenyewe, ningekutukana tukacheka. Majina yale si yangu, Kasonde. Waliniwekesha. Na wanawake wale si watani wako."

Harusi nne zilimkimbia mwezi ule. Zondiwe alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengine walimpokea na wengine walimsemesha kupitia dirishani. Mama Nakamba hakufungua kabisa. Kasonde alifuta majina yote, akaufunga mtandao, akapoteza waliokuwa wakimsaidia. Alifanya hayo bila kuambiwa, tumpe haki yake.

Kisha akamtuma mshenga, baba yake mdogo, na sahani mbili zilizofunikiana, ndani mna shanga na noti za kwacha. Nyumba ikikubali, sahani hupokewa. Shangazi Tisauke akamfuata Zondiwe jikoni, akamkuta analia juu ya sufuria ya nshima, ugali wa kwao.

"Humpendi tena?"

"Nampenda, shangazi. Ningekuwa simpendi ningeshasahau."

"Basi tupokee?"

"Zirudi. Nikimpokea, kila mwanamke aliyeniamini ataona tulikuwa wawili katika wizi ule."

Mshenga alilishwa vizuri, akarudishiwa sahani zake. Alasiri ile simu ikalia.

"Mla panya," Kasonde alisema, akijikaza kucheka, "mzee wangu umemrudisha mikono mitupu?"

"Habari za mchana, Bwana Kasonde. Nyumbani hawajambo?"

Kasonde alikuwa akingoja tusi, hata dogo.

"Zondi, usiniite hivyo. Nitukane. Nakuomba, nitukane tu."

"Baba mdogo tulimpokea vizuri," Zondiwe alisema kwa upole, machozi yakimshuka. "Mfikishie salamu zangu, bwana. Siku njema."